Miale ya jua kwenye monstransi, tarehe ya Noeli na jina la Ruwa: nimjibuje kijana wa kipaimara?

Mlezi wa Kipaimara (Moshi mjini) ameandika:

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu wa madhehebu mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Ninafundisha vijana wa kipaimara katika parokia moja hapa Moshi mjini. Wengi wao wako kidato cha pili na cha tatu, umri ambao mtu haridhiki tena kuambiwa kwamba ndivyo tulivyopokea. Katika kipindi kilichopita, tulipokuwa tukieleza maana ya kuabudu Ekaristi Takatifu, kijana mmoja alisimama akasema, kwa adabu kabisa, kwamba ametazama video mtandaoni inayodai kuwa monstransi yenye miale, yaani chombo cha kuonyeshea Hostia (mkate wa Ekaristi), ni sanamu ya jua, kwamba tarehe 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu jua wa Warumi, na kwamba siku tunayosali ndiyo siku ambayo Warumi hao waliiita ya Jua. Akahitimisha kwamba Kanisa lilibadilisha jina la anayeabudiwa, ibada yenyewe ikabaki ile ile. Wenzake walinyamaza wakanitazama mimi.

Nilimwahidi kwamba tutalijadili kwa kirefu. Sitaki kumjibu kwa kumkemea, kwa sababu sehemu ya aliyoyasema ina ukweli wa kihistoria, na kijana akigundua kwamba nilimficha, hataniamini hata nitakapomfundisha mambo makubwa zaidi. Ninachoomba kwenu ni msaada wa namna mbili. Maandiko yanaruhusuje jua liwe ishara ya Mungu, ilhali yanakataza vikali lisiabudiwe? Na historia ya hiyo tarehe na hiyo siku inasema nini hasa? Tena, kama kuna wazee humu, ningefurahi wakigusa suala la Ruwa, jina la Kichagga la Mungu ambalo pia ni la jua, maana najua Warumi wakishamalizwa, watakaofuata ni mababu zetu.

Katekista Mstaafu (Kibosho) amejibu:

Milele amina, mwalimu.

Ushauri wangu ni kwamba usianzie Roma. Anzia Mwanzo sura ya kwanza, uwaonyeshe vijana kwamba nuru inaumbwa siku ya kwanza, lakini jua halionekani mpaka siku ya nne, na hata hapo halipewi heshima yoyote ya pekee: linawekwa angani litawale mchana na kuonyesha majira, kama mtumishi aliyepangiwa zamu yake. Kwa msomaji wa kale aliyezungukwa na Wamisri waliomwabudu Ra na Wababeli waliomwabudu Shamash, mpangilio huo ulikuwa tamko zito. Mtumishi hasujudiwi, lakini hakuna ubaya kumtambua bwana kwa kumtazama mtumishi wake.

Baada ya hapo wasomee Ezekieli 8:16. Nabii anaonyeshwa watu wapatao 25 wakiwa kati ya ukumbi na madhabahu, wamelipa hekalu kisogo, nyuso zao zimeelekea mashariki, wanaliabudu jua. Kosa lao linaonekana katika jinsi miili yao ilivyosimama: ili walisujudie jua, iliwabidi wampe Mungu kisogo. Ukiongeza 2 Wafalme 23:11, ambapo mfalme Yosia anawaondoa farasi waliotolewa kwa jua na kuyachoma magari ya jua, vijana wataona kwamba kishawishi hiki hakikuwa cha wapagani wa mbali. Kilikuwa mlangoni pa nyumba ya Bwana.

Pamoja na hayo yote, Zaburi 84:11 haioni haya kusema kwamba Bwana, Mungu, ni jua na ngao. Na Malaki anaahidi kwamba kwa wanaolicha jina la Mungu, “jua la haki litawazukia, lenye kuponya katika mbawa zake”. Hapa ningekuomba usiusome mstari huo wa 4:2 peke yake, kama kadi nyingi za Noeli zinavyofanya. Mstari unaoutangulia unasema siku inakuja inayowaka kama tanuru, na wenye kiburi watakuwa makapi. Siku ni hiyo hiyo moja: mmoja anateketea, mwingine anapona. Kanisa lilipomwita Kristo jua la haki lilichukua yote mawili, hukumu na uponyaji, na tarehe 21 Desemba, katika Masifu ya Jioni, antifona ya siku bado inamwita hivyo na kumsihi aje kuwaangazia waketio katika giza na uvuli wa mauti. Maneno hayo ya mwisho yanatoka katika wimbo wa Zakaria, Luka 1:79, ambao mstari wake wa 78 unataja mwangaza utokao juu.

Kuhusu monstransi, jibu ni fupi. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu (Corpus Christi) iliwekwa kwa Kanisa lote mwaka 1264, na monstransi za zamani zaidi zilifanana na mnara mdogo wa kanisa. Umbo la jua lenye miale lilienea baadaye sana, hasa katika enzi ya Baroko. Haliwezi basi kuwa limerithiwa moja kwa moja kutoka kwa makuhani wa jua wa Roma, ambao walikuwa wametoweka zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Aliyeyazoesha macho ya watu miale hiyo ni Bernardino wa Siena (1380–1444), mhubiri Mfransisko aliyekuwa akiinua mbele ya watu ubao wenye herufi IHS, yaani jina la Yesu, zikizungukwa na miale ya jua. Naye alishtakiwa kwa sababu ya ubao huo, akaitwa Roma kujieleza, akaachiliwa. Wajesuiti walichukua alama hiyo hiyo, ndiyo maana ilionekana katika ngao ya Papa Fransisko. Mwambie kijana atazame katikati ya miale kuna nini. Hakuna jua pale. Kuna jina la Yesu, na katika monstransi kuna Hostia.

Mpare wa Pasua amejibu:

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mimi ni Mwadventista Msabato, mzaliwa wa Upareni, ninaishi Pasua. Nimesoma kwa heshima aliyoandika mzee wa Kibosho, na kuhusu Ezekieli ninakubaliana naye neno kwa neno. Hata hivyo naomba hoja ya kijana isipunguzwe uzito. Tarehe 7 Machi 321 Kaisari Konstantino alitoa amri kwamba mahakimu, wakazi wa mijini na mafundi wapumzike katika siku tukufu ya Jua, huku wakulima wakiruhusiwa kuendelea na kazi za shamba. Katika amri hiyo hakumtaja Kristo wala ufufuko. Sarafu zake nazo ziliendelea kubeba picha ya Sol Invictus, yaani Jua Lisiloshindwa, kwa miaka kadhaa baada ya kuanza kuwalinda Wakristo. Katika karne hiyo hiyo sinodi ya Laodikia iliwakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato, ikataka waiheshimu siku ya Bwana badala yake. Amri ya Sabato, ambayo ni ya nne kwa hesabu yetu na ya tatu kwa hesabu yenu, haikufutwa na mtume yeyote.

Sisemi kwamba Mkristo anayesali Jumapili analiabudu jua. Huo ungekuwa uongo, na tena ni kuwatukana majirani zangu. Ninachosema ni kwamba serikali inapoikumbatia ishara, ishara hiyo hupata maana mbili kwa wakati mmoja, na mtu wa kawaida hawezi kujua ni ipi anayoiheshimu.

Msomaji wa Machame amejibu:

Bwana Yesu asifiwe.

Namshukuru ndugu wa Pasua kwa kuweka tarehe mezani, maana mijadala mingi ya jambo hili huendeshwa bila tarehe hata moja. Amri ya mwaka 321 ni ya kweli na aliyoyasema juu yake ni ya kweli. Ila haiwezi kuwa chanzo cha ibada ya Jumapili, kwa sababu ibada hiyo ilikuwapo muda mrefu kabla yake. Yustino Mfiadini, akiandika mjini Roma karibu na mwaka 155, anamweleza Kaisari Antonino Pio kwamba Wakristo hukusanyika katika siku iitwayo ya Jua, na anatoa sababu mbili: ndiyo siku ya kwanza, ambayo Mungu aliligeuza giza akaumba ulimwengu, na ndiyo siku ambayo Yesu Kristo alifufuka. Huyu ni mtu ambaye dola ilimuua kwa imani yake. Hakuwa na Kaisari wa kumpendeza. Konstantino alipokuja, aliikuta siku tayari ina wenyewe, akaipa mapumziko ya kiserikali kwa lugha ambayo wapagani na Wakristo wote wangeweza kuimeza. Hapo nakubali kwamba lugha yake ilikuwa na utata, na nadhani utata huo ulimfaa.

Mwalimu, lingine litakalomshangaza kijana wako ni kwamba hoja yake ina umri wa zaidi ya miaka 1,800. Mwaka 197, kule Kartago katika Afrika ya Kaskazini, Tertuliano aliandika kuwatetea Wakristo, akataja kwamba kuna watu wanaodhani jua ndilo mungu wetu, kwa sababu imejulikana kuwa tunasali tukielekea mashariki na kwamba tunaifanya siku ya Jua kuwa ya furaha. Anajibu kwamba furaha hiyo ina sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo mwambie kijana kwamba ameuliza swali la heshima, lililokwisha kujibiwa na Mwafrika.

Juu ya Noeli ningekuwa mwangalifu zaidi, maana hapa watu wa pande zote mbili husema kwa uhakika kuliko ushahidi unavyowaruhusu. Tunajua kwamba Kaisari Aureliano aliweka wakfu hekalu la Jua mjini Roma mwaka 274. Tunajua pia kwamba kuna mkusanyo wa kalenda na orodha ulioandikwa Roma mwaka 354, ambao katika sehemu moja unataja tarehe 25 Desemba kuwa ni siku ya kuzaliwa ya Asiyeshindwa, na katika sehemu nyingine unaitaja tarehe hiyo hiyo kuwa ndiyo aliyozaliwa Kristo katika Bethlehemu ya Yudea. Orodha hii ya pili hudhaniwa ilitungwa mwaka 336. Sherehe mbili, mji mmoja, kitabu kimoja. Nani alimwiga nani? Wataalamu wengi walishikilia kwamba Kanisa liliweka sikukuu yake pale ili kuizima ile ya jua. Wengine wanaonyesha kwamba tangu enzi za Tertuliano kulikuwa na Wakristo walioamini kwamba Bwana aliteswa tarehe 25 Machi, na Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, anaeleza kwamba iliaminika alitungwa mimba tarehe hiyo hiyo aliyoteswa. Ukihesabu miezi tisa kutoka hapo unafika 25 Desemba bila kumhitaji Aureliano hata kidogo. Mimi huona hesabu hii ya pili ina nguvu, kwa sababu ndivyo watu wa zama zile walivyopenda kufikiri. Lakini nisingeifundisha darasani kama jambo lililothibitishwa.

Kwamba Wakristo waliichukua picha ya jua wakiwa macho, bila kujificha, hilo halina shaka. Chini ya kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatikani kuna kaburi dogo la familia, la karne ya tatu au mwanzoni mwa ya nne, ambalo dari yake ina picha ya vijiwe vya rangi inayoonyesha mtu anayeendesha gari la farasi, miale ikitoka kichwani mwake, na mizabibu imemzunguka. Kwa namna ya kuchorwa ni mungu jua wa Kiyunani. Wataalamu wengi wanamtambua kuwa ni Kristo, kwa sababu kwenye kuta za kaburi hilo hilo wapo Yona na Mchungaji Mwema. Kule Yerusalemu, katika karne ya nne, mafundisho yanayojulikana kwa jina la Sirili, askofu wa mji huo, yanaeleza kwamba mbatizwa alisimama akielekea magharibi, mahali pa giza, akamkana Shetani kana kwamba anamwona, kisha akageuka mashariki kuungama imani. Mwili wenyewe ulifundishwa kugeuka. Ni Ezekieli 8 iliyopinduliwa: wale walimpa Mungu kisogo ili walione jua, huyu anampa Shetani kisogo ili amwendee Mungu, na mashariki inamsaidia kujua upande.

Hapa sasa nampa ndugu wa Pasua haki yake. Papa Leo wa Kwanza, aliyeongoza Roma kuanzia mwaka 440 hadi 461, katika hotuba moja ya Noeli anawakemea Wakristo ambao, baada ya kupanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, hugeuka nyuma wakaliinamia jua linalochomoza kabla ya kuingia ndani. Wengine walifanya hivyo kwa ujinga, wengine kwa mabaki ya upagani. Leo hakusema ni desturi isiyo na madhara. Alitaka iachwe, hata kwa wale ambao pengine walikuwa wanamheshimu Muumba wa mwanga na si mwanga wenyewe, kwa sababu mgeni aliyetoka katika upagani angewaona na kudhani dini ya zamani na mpya ni kitu kimoja. Kwa hiyo hofu ya maana mbili ni halali. Ila inatoka ndani ya Kanisa lenyewe, wala haikuhitaji video ya mtandaoni kuifichua.

Mwalimu wa Jiografia (Njiro, Arusha) amejibu:

Nimefuatilia kwa makini, na ninaona kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviwezi kutusaidia, nalo ni jua lenyewe tulilo nalo huku.

Roma iko karibu nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Mchana mfupi kabisa kule mwezi Desemba una urefu wa kama saa tisa, na mrefu kabisa mwezi Juni unapita kidogo saa kumi na tano. Mtu wa kule huliona jua likidhoofika wiki baada ya wiki, baridi ikiongezeka, kisha likianza kurudi. Hata kalenda ya Kirumi iliihesabu tarehe 25 Desemba kuwa ndiyo siku ya badiliko hilo, ingawa kufikia karne ya nne badiliko la kweli lilikuwa limekwisha kusogea mapema kwa siku chache. Augustino alijenga juu ya hali hiyo mahubiri mazuri sana: Yohana Mbatizaji anazaliwa tarehe 24 Juni, wakati mchana unaanza kupungua, na Kristo anazaliwa wakati mchana unaanza kurefuka, ili litimie neno la Yohana 3:30, kwamba Kristo hana budi kuzidi na yeye kupungua.

Moshi na Arusha ziko zaidi kidogo ya nyuzi tatu kusini ya ikweta. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu na mfupi haifiki nusu saa, ni kama dakika 23 tu, na tena mrefu ndio wa Desemba. Maana yake ni kwamba mahubiri yale, yakisomwa hapa kama yalivyo, yanageuka kichwa chini: baada ya Noeli mchana wetu unapungua, na baada ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji unaongezeka. Nimewahi kumsikia mhubiri akituambia siku ya Noeli, jua la kaskazi likiunguza mabati juu ya vichwa vyetu, kwamba nuru sasa imeanza kurudi duniani. Hakuna aliyecheka, lakini pia sidhani kama kuna aliyeelewa nuru hiyo ilikuwa imekwenda wapi.

Je, ishara imeharibika? Kwa maoni yangu imepoteza kipande kimoja tu, ambacho hakikuwa cha Biblia. Malaki hasemi juu ya jua linalorudi kutoka katika majira ya baridi. Anasema juu ya jua linalozuka, na hilo hutokea kila asubuhi mahali pote. Zaidi ya hapo, Biblia iliandikwa na watu wa nchi kavu yenye joto, wanaolijua jua kama sisi tunavyolijua. Zaburi 121:6 inaahidi kwamba jua halitakupiga mchana. Jua lilimpiga Yona kichwani hata akazimia. Katika mfano wa mpanzi, jua lilipozuka miche iliyokosa mizizi iliungua. Isaya 49:10 na Ufunuo 7:16 zote zinahesabu kuondolewa kwa pigo la jua miongoni mwa furaha za waliokombolewa, na Zaburi 91 inamweka mwenye haki katika uvuli wake Mwenyezi. Sijui Mzungu wa Saksonia, kule Ujerumani, aliisomaje mistari hiyo mwezi Januari, lakini mkulima wa mahindi wa uwanda wa chini, masika yakimkatikia mwezi Aprili, haihitaji maelezo. Huyo huyo akiwa na ndugu yake mlimani anayeanika kahawa, mmoja anaomba jua lipungue na mwingine anaomba litoke. Ndiyo maana nimependa alivyosema mzee wa Kibosho kuhusu tanuru na uponyaji katika siku moja. Ishara ya jua ikifundishwa kwetu kama mwanga mtamu tu, imefundishwa nusu.

Niongeze kidogo juu ya giza la Ijumaa Kuu, lililoanza saa sita hadi saa tisa, maana vijana huuliza kama lilikuwa kupatwa kwa jua. Haiwezekani kwa njia ya kawaida. Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo tu. Hoja hii ilikwisha kutolewa na mwandishi Mkristo Yulio Afrikano katika karne ya tatu. Waliosafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kutazama jua likipatwa wanaweza kuwaeleza vijana kwamba hata kule ilikuwa kilele cha dakika chache, si saa tatu.

Mlezi wa Kipaimara (Moshi mjini) ameandika:

Nimewashukuru nyote. Nitaanza na Ezekieli na Malaki, kisha Tertuliano, na suala la Noeli nitalieleza pamoja na mashaka yake. Naona bado hatujafika kwa Ruwa. Tena kuna jambo la majengo: kanisa letu la kigango limejengwa altare ikiwa upande wa kaskazini, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa nyuma yake. Kijana yule ameshaliona hilo, ameniuliza kama tuliwahama wapagani wa jua tukawaendea wa mlima.

Mzee wa Usharika (Kidia) amejibu:

Mwanangu, amani ya Bwana iwe nawe. Mimi ni Mlutheri wa Old Moshi, na nitasema kama mtu aliyelelewa na wazee waliosali kwa namna zote mbili, ya jadi na ya Kikristo.

Kwamba wazee wetu walimtaja Mungu na jua kwa jina moja la Ruwa, hilo halifichiki, na kijana asidanganywe. Babu yangu, aliyebatizwa akiwa mtu mzima, alikuwa akitoka nje asubuhi, anatazama jua, anaomba ulinzi kwa watu wa kihamba chake, yaani shamba la ukoo. Lakini huyo huyo alimwomba Ruwa usiku, mtoto akiugua, wakati jua halipo mbinguni. Alimjua Ruwa kuwa ndiye aliyewatoa wanadamu, ndiye anayewahurumia, tena hana haraka ya kukasirika. Jua haliwezi kuelezwa hivyo. Mtu anayedhani wazee waliabudu kile kiduara cha moto na kuishia hapo hajawasikiliza.

Wamisionari walipofika, Wakatoliki kule Kilema, na mwaka 1893 Walutheri wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani kule Machame, wangeweza kulikataa jina hilo na kuleta la kigeni. Hawakulikataa, limebaki katika sala na nyimbo zetu za Kichagga mpaka leo. Bruno Gutmann, aliyekuja Uchaggani mwaka 1902 na kuishi hapa Old Moshi miaka mingi, aliandika kurasa nyingi juu ya desturi zetu akiamini kwamba Injili haiji kung'oa ukoo na ujirani wa watu. Yako aliyoyatetea ambayo mimi sikubaliani nayo, lakini katika hili naona alikuwa na macho. Ni njia ile ya Paulo katika Matendo 17, alipoikuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana, akaanzia pale kuhubiri. Kitu kipya kilicholetwa na Injili kwa babu yangu ni kwamba Ruwa alikuwa na uso na jina la mtu aliyesulubiwa. Katika usharika wetu alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kabla jua halijatoka, desturi ambayo asili yake ni Wamoravia wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na tunasubiri pale tukiimba. Marko 16:2 inasema wanawake walifika jua lilipoanza kuchomoza. Lakini walikuta kaburi tayari liko wazi. Jua lilichelewa, mwanangu. Lilikuja kuangaza kitu kilichokwisha kutendeka bila msaada wake.

Katekista Mstaafu (Kibosho) amejibu:

Nimefurahi kumsoma mzee wa Kidia. Juu ya altare: desturi ya kuelekea mashariki ni ya kale na nzuri, ila Kanisa halikuifanya sharti la ujenzi. Kanisa lenyewe la Mtakatifu Petro kule Roma lina milango yake upande wa mashariki na altare upande wa magharibi, ndiyo maana wale waliokemewa na Papa Leo iliwabidi wageuke mlangoni ili walione jua. Huku kwetu kiwanja, mteremko na barabara ndivyo vilivyoamua mara nyingi. Mababu walisali pia wakielekea Kibo, hivyo swali la kijana si la kipuuzi. Lakini fundi aliyejenga kigango chenu pengine aliogopa tu maji ya mvua yasiingie mlangoni.

Mwalimu wa Jiografia (Njiro, Arusha) amejibu:

Mkipenda kulifanya somo la vitendo, vijana waje na dira. Jua kwetu huchomoza mashariki kamili karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba tu. Mwezi Juni huchomoza kama nyuzi 23 kaskazini ya mashariki, na Desemba nyuzi kama hizo kusini yake. Hata anayetaka kujenga kanisa liyaelekee macheo atalazimika kwanza kuamua ni macheo ya mwezi gani.